Udongo, Mwarobaini na Ngozi ya Punda

Udongo wa mfinyanzi uliokorogwa kwa maji, majani ya mwarobaini yaliyotwangwa, utomvu wa shubiri na mafuta ya nazi hupakwa kwenye ngozi ya mifugo na wanyama wa nyumbani ili kutuliza muwasho, kukausha vidonda na kufukuza kupe, viroboto na inzi. Wengi wa wanaozipendelea dawa hizi za asili huona asili yake kuwa hoja tosha: kilichotoka ardhini au mtini kinadhaniwa kuwa salama kuliko kilichotoka kiwandani. Dhana hiyo ina pande mbili. Upande wa falsafa unauliza kama chimbuko la kitu ni ushahidi wa wema wake. Upande wa dini unauliza kama kutumia udongo na mimea, kwa kuwa vimeumbwa na Mungu, ni kufuata mpango Wake. Maswali yote mawili huwa mazito zaidi anapotibiwa mnyama, kwa sababu anayeamua siye anayepakwa.

Hoja kali kuliko zote inayotetea dawa za asili hutolewa na wanyama wenyewe. Tembo, faru, nyati na ngiri hugaagaa matopeni bila kufundishwa na mtu. Ngozi ya tembo wa Afrika haina tezi za jasho za kuupoza mwili, ila ina mtandao wa nyufa ndogo mno. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2018 ulionesha kuwa nyufa hizo hushika maji mara 5 hadi 10 zaidi kuliko ambavyo ngozi isiyo na nyufa ingeshika. Matope yakigandama juu yake humkinga na jua, humpunguzia joto na kuwazuia wadudu. Nguruwe naye, ambaye karibu hatoi jasho kabisa, hutafuta dimbwi siku za joto kwa sababu hiyo hiyo, na malipo yake ni kuitwa mchafu. Hata hivyo, mfano wa tembo unathibitisha machache kuliko yanayodaiwa. Tembo huingia na kutoka dimbwini apendavyo, na matope yake hukaa juu ya ngozi nene iliyo nzima. Hakuna hapo ushahidi kwamba udongo uliofungwa kwa kitambaa juu ya jeraha lenye usaha utaliponya, wala kwamba kinachomfaa tembo kinamfaa punda au paka.

John Stuart Mill aliligusa tatizo hili katika insha yake kuhusu maumbile, iliyochapishwa mwaka 1874 baada ya kifo chake. Kwa maoni yake, maumbile yana maana mbili tu. Ama ni kila kilichopo pamoja na kila anachotengeneza binadamu, na hapo hata dawa ya josho ni ya asili. Ama ni kile kinachotokea bila mkono wa binadamu, na hapo tiba yoyote ni kuingilia asili, kwani asili ikiachiwa kazi yake humwacha kupe anyonye mpaka ashibe. Katika maana ya kwanza, agizo la kufuata asili halina kazi. Katika ya pili, linakataza tiba zote. Mfano ni aseniki, iliyotiwa katika majosho ya ng'ombe Afrika Mashariki kabla ya dawa za kisasa kuingia. Hutoka katika mawe ya ardhini, kama udongo wenyewe ulivyotokana na mawe, na hakuna anayeitetea kwa sababu hiyo.

Dini, kwa upande wake, zimeupa udongo na mimea heshima ya pekee. Kitabu cha Yoshua bin Sira, kinachosomwa na Wakatoliki na Waorthodoksi, hufundisha kuwa Bwana aliumba dawa kutoka ardhini na kwamba mwenye busara hazidharau. Injili ya Yohana humwonesha Yesu akifanya tope na kumpaka kipofu machoni. Katika Uislamu, binadamu ameumbwa kwa udongo, na udongo safi hushika nafasi ya maji katika tayamamu. Kuhusu ngozi ya wanyama hasa, Waarabu wa kale waliwapaka ngamia wenye upele katrani, lami nyeusi inayopatikana kwa kuchoma miti yenye utomvu. Upele huo ndio uliozua mjadala mkubwa wa kiakida. Katika hadithi zilizopokewa na Bukhari na Muslim, bedui anauliza mbona ngamia wake walio wazima hupata upele akiingia kati yao mmoja aliye nao, naye anaulizwa ni nani basi aliyemwambukiza yule wa kwanza. Hadithi nyingine inamkataza mwenye ngamia wagonjwa kuwachanganya na wazima. Wanazuoni wengi walizipatanisha hivi: ugonjwa hauna nguvu yake wenyewe nje ya majaliwa ya Mungu, lakini sababu zipo, na mtu anatakiwa kuzichunga.

Msimamo huo unaigusa dawa pia. Jani la mwarobaini haliwezi kutegemewa kwa sababu tu limeumbwa na Mungu, maana jani la utupa nalo ni Lake. Utupa ni mmea ambao wavuvi huutwanga na kuumwaga majini ili samaki wazimie, na wafugaji huusugua kwenye ngozi ya ng'ombe kuua kupe. Kazi zote mbili hufanywa na kemikali za jamii ya rotenoni, zinazozizuia seli kutumia oksijeni. Panya walioingiziwa rotenoni katika jaribio lililochapishwa mwaka 2000 walipata dalili zinazofanana na za ugonjwa wa Parkinson. Ugoro, ambao baadhi ya watu huupaka kuua kupe, una nikotini inayopenya ngozini na inaweza kumlevya mnyama mdogo hadi afe. Ua la pareto, zao la nyanda za juu za Kenya na Tanzania, lina pairethrini zinazoharibu neva za wadudu. Kutokana nazo viwanda viliiga na kutengeneza permetrini, ambayo mbwa huistahimili lakini inaweza kumuua paka, kwa sababu ini la paka halina uwezo mkubwa wa kuzivunja sumu za namna hiyo. Mafuta ya Melaleuca alternifolia, mti wa Australia, hayajapita maabara yoyote ya kuigiza, na bado yakipakwa bila kuzimuliwa yamewasababishia paka na mbwa kutetemeka na kushindwa kusimama. Mstari unaotenganisha dhara na nafuu haupiti kati ya shamba na kiwanda. Hupita kati ya mnyama huyu na yule, na kati ya kipimo kidogo na kikubwa. Kwa kipimo, jani lililotwangwa lina udhaifu wake: nguvu yake hubadilika kwa msimu, kwa umri wa mti na kwa sehemu iliyochumwa. Mbegu ya mwarobaini, kwa mfano, ina azadiraktini nyingi kuliko jani lake.

Udongo una mambo yake. Bentonaiti huvimba inapolowa, kwa kuwa imejengwa kwa tabaka nyembamba zenye chaji hasi zinazovuta maji na kemikali. Kaolini, ambayo ina hazina kubwa huko Pugu karibu na Dar es Salaam, haivimbi hivyo, bali hukausha na kutuliza. Nchini Ivory Coast, Line Brunet de Courssou aliwatibu watu wenye vidonda vya Buruli kwa udongo wa kijani kutoka Ufaransa, na matokeo yake yakawavuta wanasayansi kuuchunguza. Waligundua kuwa udongo mmoja uliua bakteria maabarani, na mwingine unaokaribiana nao sana kwa madini uliwasaidia kuongezeka. Kwa jicho na kwa mkono, hakuna awezaye kuupambanua wa kwanza na wa pili.

Juu ya hayo, udongo mbichi ni makao ya bakteria wa pepopunda, ambao hujifungia katika gamba gumu linalostahimili jua, ukame na hata maji yanayochemka kwa muda. Farasi na punda ni miongoni mwa wanyama wanaoathirika upesi zaidi na ugonjwa huo. Kuchota udongo kando ya zizi na kuubandika kwenye kidonda cha punda kilicho wazi ni kumpelekea maradhi pale pale penye mlango.

Imani katika dawa hizi hudumu kwa sababu nyingine pia: ngozi hujiponya. Choa ya ndama mara nyingi hutoweka yenyewe baada ya miezi michache, na chochote alichopakwa mwezi wa mwisho hupewa sifa. Kuna wanaosema kuwa mnyama hana imani ya dawa, hivyo akipata nafuu ni dawa iliyofanya kazi. Wanasahau kwamba anayetoa ripoti ya nafuu ni mwenye mnyama, na imani anayo yeye. Majaribio ya mbwa wanaochechemea yameonesha wamiliki, na hata madaktari wa mifugo, wakiona nafuu kwa mbwa waliopewa dawa bandia, ilhali vipimo vya mashine havikuona badiliko.

Kwa hiyo swali la asili huzaa swali la amana. Mtu mzima anayejipaka udongo usiofaa hujidhuru mwenyewe kwa hiari. Mnyama hubeba gharama ya itikadi ya mwingine. Izz al-Din ibn Abd al-Salam, mwanachuoni wa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, aliyefariki mwaka 1262, aliorodhesha haki za mnyama kwa mwenye mnyama: kugharamiwa hata akizeeka au akiugua na kukosa faida, na kutobebeshwa asichokiweza. Hakutaja aina ya dawa. Katika mji kama Lamu, ambako punda hubeba mchanga, mawe na saruji katika vichochoro visivyopitika kwa gari, na ambako kliniki ya punda ya The Donkey Sanctuary ilianza kazi mwaka 1987, mpangilio wa haki hizo una maana ya moja kwa moja. Kidonda cha mgongo hutokana na shogi inayochubua na mzigo uliozidi. Mzigo hushushwa kwanza, matandiko yakarekebishwa, kidonda kikaoshwa kwa maji safi yenye chumvi, na punda akachanjwa pepopunda. Shubiri au kaolini iliyosafishwa inaweza kufuata baadaye, kwenye ngozi iliyokwisha kufunga.