Usije Ukalazimika Kuuza

Wanangu, hasa ninyi walimu mliopata ajira mwaka huu, nataka tuzungumze habari ya uzee kabla mkopo wa kwanza haujaingia kwenye mshahara wenu. Mtasema bado mapema. Lakini PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, tayari inapokea michango yenu kila mwezi: asilimia 5 ya mshahara inatoka kwako, na 15 kwa mwajiri. Safari imeshaanza, mpende msipende.

Nianze na hesabu, maana wengi hukutana nayo wakati barua ya kustaafu iko mkononi. Kikokotoo kinachukua miezi uliyochangia, kinaigawa kwa 580, kisha kinazidisha kwa wastani wa mshahara wako wa mwaka katika ile miaka mitatu bora kati ya kumi ya mwisho. Hapo inapatikana pensheni ya mwaka. Sehemu yake inazidishwa kwa 12.5 na kuwa mkupuo unaolipwa mara moja. Kuanzia Julai 2022 sehemu hiyo ilikuwa asilimia 33, na bajeti ya 2024 ikaipandisha hadi 40 kwa watumishi ambao zamani walikuwa kwenye asilimia 50. Mwalimu wa kundi hilo aliyefanya kazi miaka 30, wastani wake ukiwa shilingi 1,200,000 kwa mwezi, anapata mkupuo wa kama milioni 44.7, na baada ya hapo pensheni ya kama 447,000 kila mwezi.

Tazameni namba hiyo ya pili kwanza. Ukiilinganisha na mshahara, kila mwezi kuna pengo la zaidi ya laki saba, na umri huo ndio dawa za presha zinapoanza kununuliwa kama sukari na chumvi. Milioni 44 zikiingia benki kwa siku moja, kila mtu nyumbani ana wazo: Noah ya abiria, mabanda ya kuku, mtaji wa kijana. Mimi nasema fedha hiyo ina kazi moja kabla ya nyingine zote, nayo ni kuziba pengo la kila mwezi.

Sasa jambo ninalotaka mlishike. Bei za hisa, za viwanja, hata za hatifungani, hupanda na kushuka, na mwenye nafasi ya kusubiri huvuka salama. Anayeumia ni yule anayelazimika kuuza siku bei iko chini. Kuna mstaafu mwenzangu aliyeweka mkupuo wake wote kwenye nyumba ya kupangisha nje ya mji. Fedha ikaishia kwenye lenta. Likabaki pagala, nondo zinaota kutu, mbarika umeota sebuleni. Mkewe akaugua mwezi wa Januari, mwezi ambao kila mzazi anatafuta ada na hakuna mwenye fedha ya kununua nyumba. Akauza kwa bei ambayo hata matofali peke yake yalikuwa yanazidi. Kiwanja kilikuwa kizuri, na mahali pale leo pamejaa watu. Kilichokosekana ni matumizi ya mwaka mmoja yaliyokaa pembeni.

Kwa hiyo, kabla ya kitu kingine chochote, weka matumizi ya mwaka mmoja, ukiweza miwili, mahali unapoweza kuyatoa ndani ya siku chache. Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, taasisi ya serikali ya uwekezaji wa pamoja, unafaa kwa kazi hiyo. Hautakutajirisha, na usiudai utajiri.

Baada ya hapo, hatifungani za serikali, yaani fedha unayoikopesha serikali kwa riba. Kwenye mnada wa Benki Kuu unaanza na shilingi milioni moja, kwa kupitia benki yako au dalali wa soko la hisa. Riba hulipwa kila baada ya miezi sita, na ya hatifungani za muda mrefu haikatwi kodi. Milioni 40, za mkupuo uliobaki pamoja na akiba yako ya kazini, kwa asilimia 12 ni milioni 2.4 kila nusu mwaka, sawa na laki nne kwa mwezi. Pengo letu limezibwa zaidi ya nusu.

Ila msiingize zote siku moja. Aprili 2022 riba ya hatifungani ya miaka 20 ilishushwa kutoka asilimia 15.49 hadi 12.10, na ile ya miaka 25 kutoka 15.95 hadi 12.56. Aliyekuwa akisubiri fedha zake ziwe nyingi ndipo anunue aliachwa. Baadaye viwango vikapanda tena. Hakuna anayejua mnada ujao utasemaje, kwa hiyo nunua kidogo kidogo, na miaka tofauti: mitano, kumi, ishirini. Ukifanya hivyo, kila baada ya muda kuna mtaji unaorudi mkononi bila kuuza chochote.

Halafu kuna mfumuko wa bei. Desemba 2011 ulifika asilimia 19.8. Kuponi, yaani riba ya hatifungani, haiongezeki hata shilingi moja maisha yake yote, ilhali unga na nauli vinaongezeka. Ndiyo maana nawataka, wakati bado mna mshahara, mnunue pia hisa za kampuni zinazotoa gawio, au vipande vya Mfuko wa Umoja wa UTT hiyo hiyo. Hisa ziwe za fedha ambayo hutaigusa miaka kumi. Vodacom waliuza hisa zao mwaka 2017 kwa shilingi 850, na baadaye bei iliposhuka chini ya hapo, waliohitaji fedha haraka waliuza kwa hasara.

Kuhusu wanaoahidi kuzidisha fedha kwa wiki chache, sina maneno mengi. Watu walipanda “mbegu” za fedha kwenye upatu wa DECI, wengine kwa mafao yao, mwaka 2009 serikali ikaufunga, na wengi hawakuvuna. Wa leo wanakuja kwa simu.

Ninyi vijana mna kitu ambacho mstaafu hana kwa bei yoyote: miaka 35. Mshahara ukiingia, elfu thelathini itangulie kwenye vipande kabla hujalipa mtu mwingine. Ikishindikana mwezi mmoja, rudi mwezi unaofuata, bila kujilaumu.

Na jioni hii mwambie mwenzako namba ya akaunti yako ya CDS, inayotunza hisa na hatifungani zako, na ya UTT, andikeni majina ya warithi kwenye fomu, na mpeleke PSSSF cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto.