Haraka na Kukawia Katika Hukumu

Huku pwani, tangu Bagamoyo mpaka Saadani na Pangani, twasikia mara kwa mara neno hili: "Mwizi amekamatwa leo, mbona hahukumiwi leo?" Nalo latoka vinywani mwa watu wema wenye uchungu wa haki. Mtu ameibiwa mali yake, au mwanawe ameuawa. Yule adhaniwaye amepelekwa kituoni, kisha miezi yapita, na jirani waambiwa tu ya kuwa shauri limeahirishwa. Hapo wengine huona ni afadhali kuyamaliza mambo njiani kwa mawe na moto. Yatupasa kulipima jambo hili vema, maana ndani yake mna uhai wa watu.

Kwanza tuitazame njia yenyewe. Kwa makosa yaliyo mengi, sheria ya Tanzania yataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani kabla ya kupita saa 24, au aachiwe kwa dhamana. Polisi hupeleleza, na mawakili wa serikali walio chini ya Mkurugenzi wa Mashtaka hutazama kama ushahidi watosha. Makosa madogo huenda Mahakama ya Mwanzo, ambako hakimu aweza kuketi pamoja na washauri waliotoka katika raia. Yaliyo makubwa zaidi huenda Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi. Shauri la kuua husomwa kwanza katika mahakama ya chini, lakini pale mshitakiwa haambiwi akiri wala akane, kwa kuwa mahakama ile haina mamlaka ya kumhukumu. Upelelezi ukiisha ndipo apelekwapo Mahakama Kuu. Huko mashahidi huapishwa mbele ya macho yake, naye au wakili wake huwauliza maswali, kisha jaji hutoa hukumu pamoja na sababu zake. Asiporidhika, iko Mahakama ya Rufani, iliyoanzishwa mwaka 1979. Tena tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, ili mvuvi aweze kuyasikia mwenyewe maneno yanayoamua maisha yake.

Ngazi hizi zote ni za nini? Pwani yetu yenyewe yaweza kujibu. Katika vita vya mwaka 1888 na 1889 Abushiri bin Salim alipigana na Wadachi. Katika vita hivyo wamisioni waliuawa huko Pugu, Januari 1889. Lakini misioni ya Bagamoyo, iliyokuwa imejaa wakimbizi, Abushiri aliiacha salama. Baraza la haki lingeyaweka mambo hayo yote mawili katika mizani na kuuliza: ni nani aliyeamuru lipi? Lakini Abushiri alipokamatwa katika Desemba 1889 alipelekwa Pangani, na tarehe 15 ya mwezi huo huo akanyongwa. Waliomhukumu ndio wale wale aliopigana nao, wala hapakuwa na mtu wa juu yao wa kumlilia. Bwana Heri wa Saadani naye alipigana katika vita vile vile. Akajisalimisha mwaka 1890, akasamehewa, akaruhusiwa kurudi kwake. Hatusemi ya kuwa Abushiri hakuwa na damu mikononi mwake, wala hatuuonei kijicho msamaha wa Bwana Heri. Twasema kwamba kilichowatenga wawili hao, mmoja mtini na mmoja nyumbani kwake, hakikuwa ushahidi uliopimwa, bali mapenzi ya mshindi. Hukumu ya siku chache yaweza hata kuwa ya kweli, lakini hakuna awezaye kuijua kuwa ni ya kweli.

Mtu atasema: "Je, yule aliyeshikwa na mali ya wizi mkononi? Huyo naye angojewe nini?" Twajibu: kama kosa lake ni wazi, kulithibitisha hakutakuwa na taabu kubwa. Lakini wangapi wameshikwa na mali waliyouziwa na mwingine? Wangapi wamefanana tu na mtu aliyeonekana usiku? Hakimu akikosea, jaji aweza kumsahihisha. Kundi la watu likikosea kwa moto, nani atalisahihisha?

Walakini tusije tukausifu ukawiaji wenyewe. Wazee wetu walisema haraka haraka haina baraka. Na wazee hao hao wakasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Walijua ya kuwa kila neno lina mahali pake. Mtume Paulo alilindwa na ngazi za mahakama, hata akaweza kukata rufani kwa Kaisari; lakini kabla ya hapo Feliki alimweka kifungoni miaka miwili, hamhukumu wala hamwachi, akitumaini kupewa fedha. Feliki hakutoa hukumu ya uongo hata moja. Dhambi yake ilikuwa kutoihukumu kweli aliyokwisha kuisikia.

Basi tutapambanuaje kati ya kungoja kuzuri na kubaya? Twadhani njia ni kuuliza: siku hizi za kungoja zimefanyiwa nini? Shahidi akitafutwa, kielelezo kikipimwa, wakili akijitayarisha, huko ni kazi ya haki, nasi tustahimili. Bali jalada likilala tu mezani, siku hizo zimeibwa. Ameibiwa mshitakiwa, na hasa yule wa shauri la kuua, kwa kuwa hakuna dhamana kwake, hata kama hana hatia. Ameibiwa pia mjane wa yule aliyeuawa, anayeuza mihogo yake ili apate nauli ya kwenda kusikia kuwa upelelezi haujakamilika. Mwaka 2022 sheria ilirekebishwa, mashtaka yasifunguliwe mahakamani kabla upelelezi haujakwisha, isipokuwa kwa makosa makubwa. Hilo ni jema, lakini walio katika makosa hayo makubwa ndio wangojao zaidi.

Wala lawama yote si ya mahakama. Mashauri mangapi yamekawia kwa sababu shahidi aliyeona kwa macho yake aliogopa uadui wa jirani, akasema siku ile alikuwa shambani? Mangapi yamepotoka kwa sababu ndugu wa mshitakiwa walichanga fedha za kumwona karani? Sisi tunaolalamika barazani kwamba haki ni mzito wa miguu, pengine ndio tuliomshika nguo asitembee.

Kwa hiyo twawasihi ninyi nyote mfanye haya. Mtu akikamatwa, msimwite mwizi wala mwuaji. Mwiteni kwa jina lake, mpaka mwenye mamlaka amwone ana hatia. Mkiitwa kushuhudia, nendeni, mkaseme mliyoyaona, msizidishe wala msipunguze. Mkiona watu wanaokota mawe, simameni kati, mkatume mtu kituoni upesi. Na nyumba zote mbili, ya aliyedhulumiwa na ya aliyeshtakiwa, ziendeeni kwa unga na kwa maneno ya utu, maana katika zote mbili wako watoto wanaoiuliza kila jioni ile siku ya hukumu.