Je, Yafaa Kuwaombea Mababu?



Novemba, mwezi wa Marehemu, umekaribia, na wako wanaotuuliza swali zito: "Babu yangu alikufa kabla mapadre hawajafika kwetu. Je, yafaa nimwombee?" Kabla ya kujibu, twendeni kwanza mbali kidogo.

Kusini magharibi ya Uingereza iko nchi ya juu iitwayo Dartmoor, nchi ya baridi na ukungu, yenye udongo mweusi wa majani yaliyooza. Huko watu wa kale walizika wafu wao chini ya vilima vya mawe na udongo, na vingi vyaonekana hata leo. Mwaka 2011 wataalamu walifungua kaburi moja mahali paitwapo Whitehorse Hill, yapata mita 600 juu ya bahari. Ndani ya sanduku la mawe walikuta mifupa ya kijana iliyochomwa, imefungwa katika ngozi ya dubu. Tena kikapu cha gome la mti, shanga zipatazo 200, nyingine za kaharabu, na bangili iliyosukwa kwa nywele za ng'ombe ikapambwa kwa bati. Kijana huyo alizikwa zaidi ya miaka 3,600 iliyopita.

Ngozi ya dubu haipatikani kwa urahisi, wala kaharabu. Waliompandisha kijana wao mpaka kule juu walimpenda. Hawakumjua Kristo, wangemjuaje, naye alikuwa bado kuzaliwa? Basi Mkristo asiwacheke kwa kuwaita washenzi, hasa yule ambaye kaburi la mama yake mwenyewe limeota magugu hata msalaba hauonekani.

Sasa jibu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifundisha mwaka 1964 kwamba wale wasioijua Injili pasipo kosa lao, wakimtafuta Mungu kwa moyo mnyofu na kuifuata dhamiri kwa msaada wa neema yake, waweza kupata wokovu wa milele. Wokovu huo watoka kwa Kristo peke yake. Kaburi zuri si hati ya kuingilia mbinguni, wala kukosa ubatizo bila kosa si hukumu ya moto. Tena Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 901, yampa padre ruhusa ya kutolea Misa kwa ajili ya mtu ye yote, mzima au mfu.

Nenda basi kwa paroko wako, ukamtajie babu yako kwa jina lake lile lile la nyumbani. Kijana wa Dartmoor jina lake limepotea. Tutamkumbuka altareni tarehe 2 Novemba.