Nani Alikosa?

Wapendwa, tunapozitembelea nyumba zenye mtoto wa selimundu, hapa Moshi mjini na huko juu vihambani, mara nyingi tunasikia mnong'ono: "Damu hii imetoka kwa mama." Ndilo swali ambalo wanafunzi walimwuliza Yesu juu ya yule kipofu tangu kuzaliwa: nani alikosa? Yesu alikataa kumtafuta mkosaji.

Sayansi nayo imetusaidia. Mwaka 1954 daktari Anthony Allison, aliyepima damu za watu wa Afrika Mashariki, alionyesha kuwa mwenye kinasaba kimoja cha selimundu hupata kinga dhidi ya malaria. Damu ya mtu mmoja isingeonyesha hilo. Ilibidi kuhesabu wengi na kulinganisha. Mtoto huugua akirithi viwili: kimoja kwa baba, kimoja kwa mama. Basi urithi uliowalinda wengi katika tambarare zenye mbu ndio unaomwumiza mtoto huyu. Hapo hakuna laana.

Tukiombwa damu kwa utafiti, pale KCMC au kwingineko, tusikimbie. Lakini tuulize itatumikaje na nani ataitunza siri yake, maana urithi huu, kama kihamba, si wa mtu mmoja bali wa ukoo. Na wachumba wakipima kabla ya ndoa, majibu yao yasiwe hukumu mdomoni mwetu.

Tukirudi katika nyumba ile, tusiulize nani alikosa. Tuulize kama mtoto amepata dawa, na kama mama yake amelala usiku.