Kiharusi Hakingoji Kisomo Kiishe

Ndugu zangu Waislamu, leo nataka tuzungumzie moyo. Simaanishi moyo wa husda na riya tunaohubiriwa kila Ijumaa, bali ile nyama iliyomo kifuani.

Nilizaliwa Kasulu, nikalelewa na mjomba Kibondo. Enzi zetu katika vilima vile vya Buha hakuna aliyetaja mazoezi. Mazoezi ya nini, na mtu amesukuma baiskeli yenye gunia la maharage mpaka sokoni, akarudi kwa miguu kula ugali wa muhogo na dagaa wa Ziwa Tanganyika? Leo Kasulu mjini ni kama Buguruni tu: chipsi, soda, na bodaboda hata kwa safari ya kwenda msikiti wa mtaa wa pili.

Mwaka jana niliitwa kumuuguza kaka yangu. Alianguka akitawadha Alfajiri, mdomo ukaenda upande, mkono wa kulia ukawa hauinuki. Nilipofika, siku ya nne, bado alikuwa nyumbani, wasomaji wamemzunguka, ubani unafuka. "Shemeji, hili ni jini," mkewe akaniambia. Nikauliza kama amepimwa presha. Kimya. Hospitali ikaonekana 190 kwa 115. Na katika mfuko wa koti lake tulikuta vidonge vya presha alivyoandikiwa miaka miwili nyuma. Aliviacha kwa sababu hakuwa anaumwa popote.

Hapo ndipo tunapoangamia, kwani presha haiumi. Mtu mwenye 140 kwa 90 au zaidi, akipimwa siku tofauti, anahesabiwa kuwa na shinikizo la juu, naye anaweza kuishi hivyo miaka mingi akicheka na watu. Wakati huo moyo unasukuma kwa nguvu kupita kiasi na mishipa inachakaa, mpaka siku mmoja uzibe au upasuke kichwani. Dawa huzuia hilo ikimezwa kila siku, na haiachwi bila kauli ya daktari. Hata Ramadhani, mwulize daktari akupangie saa za futari na daku.

Sipingi kisomo. Nami nilimsomea kaka yangu. Lakini Mtume (s.a.w.) alipoulizwa na mabedui kuhusu kujitibu, aliwaamrisha wajitibu. Basi kwa nini mgonjwa asisomewe ndani ya gari linalompeleka hospitali? Katika kiharusi kila saa inayopita ni sehemu ya ubongo inayokufa, na sisi tulipoteza siku nne.

Wapo wanaodai kuwa swala inatosha kuwa mazoezi. Samahani, sikubaliani nao. Swala ni ibada, na wengi wetu rakaa zenyewe tunazikimbiza. Mtume (s.a.w.) alikuwa akiswali na bado akienda Msikiti wa Quba, mara kwa kipando na mara kwa miguu, na alishindana mbio na mkewe, Bibi Aisha. Shirika la Afya Duniani linataka angalau dakika 150 za mwendo wa kutokwa jasho kidogo kwa wiki. Hizo ni nusu saa kwa siku tano.

Tuje kwenye sahani. Shirika hilo hilo linataka chumvi isifike gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, kwa vyakula vyote. Chumvi huzuia maji mwilini, damu ikaongezeka ujazo, presha ikapanda. Na mawese yetu, ambayo Muha hali maharage bila hayo, karibu nusu yake ni yale mafuta yanayoganda. Sisemi tuyaache, mimi mwenyewe siwezi. Tupunguze kipimo, na tukumbuke mafundisho ya theluthi: ya chakula, ya maji, na ya kuvutia pumzi. Futari zetu za sambusa na kachori zinaijaza hiyo theluthi ya tatu pia.

Ijumaa iliyofuata, imamu aliridhia muuguzi mmoja, muumini wa pale pale, aweke mashine ya kupimia barazani baada ya swala. Wazee wakapanga foleni wakitaniana. Nami, mhubiri wao, nikakaa: 158 kwa 98. Akaniambia nirudi Jumatatu. Nikarudi, ikawa vile vile.

Kaka sasa anatembea kwa mkongojo, na tasbihi anaishika kwa mkono wa kushoto. Kila jioni hunipigia simu kuniuliza kama nimemeza.