Kreti ya bia kwenye mahafali: Nani anayemnywesha mtoto?



Kila ifikapo Septemba na Oktoba, shule za sekondari huku kwetu Nkwenda, wilayani Kyerwa, hufanya mahafali ya kidato cha nne. Shuleni mambo huwa ya heshima: risala, vyeti, mgeni rasmi na picha. Tatizo huanza jioni, sherehe inapohamia nyumbani. Turubai limefungwa, muziki umewashwa, kreti za soda upande huu, za bia upande ule, na rubisi inateremshwa kwa madumu. Giza likiingia, mpaka kati ya pande hizo hufutika. Kijana wa miaka 17, ambaye mtihani wake wa taifa ni Novemba, anapewa bilauri na kuambiwa kwamba sasa amekuwa mtu mzima.

Mimi ni mwalimu wa Maarifa ya Uislamu. Wazazi wa Kiislamu hawaniulizi kama pombe ni haramu; hilo wanalijua. Huniuliza hivi: "Ustadhi, sisi hatunywi. Lakini majirani waliotuchangia wengi si Waislamu. Kuna ubaya gani kuwanunulia chao?"

Swali hili lisijibiwe kwa ukali. Waislamu huku ni wachache. Tunazikana na majirani zetu, tunachangiana harusi na matibabu. Anayepokea michango kisha akaweka soda tu huitwa bahili, na siku yake ya shida anaweza kukumbushwa.

Hata hivyo jibu ni hapana. Katika Hadithi ya Ibn Umar aliyoipokea Abu Daud, Mtume (SAW) hakuishia kumlaani mnywaji. Aliwataja pia anayekamua, anayeuza, anayenunua, anayebeba na anayemimina. Yaani kuna mikono mingi kabla ya mdomo. Na Allah (SWT) ametukataza kusaidiana katika dhambi (5:2). Mzazi aliyelipia kreti hawezi kusema mikono yake ni mikavu kwa kuwa mdomo wake ni mkavu.

Wapo wanaosema kijana hakulazimishwa. Kweli, aliyebaleghe ataulizwa kwa nafsi yake. Lakini hesabu yake haifuti ya kwetu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumuuzia mtoto pombe. Serikali ilipopiga marufuku viroba Machi 1, 2017, kuwanusuru vijana kulitajwa miongoni mwa sababu. Sasa ikiwa muuza duka anazuiwa kumuuzia, vipi baba amwekee bure, tena siku ya kumpongeza? Miaka minne tumemfundisha darasani kwamba pombe ni uchafu katika kazi za shetani (5:90). Jioni moja tunamfundisha kwamba bila hiyo furaha haijatimia. Atashika somo lipi?

Ama kuhusu heshima ya mgeni, Qur'an imetusimulia Nabii Ibrahim (AS) alivyowapokea wageni asiowajua kwa ndama aliyenona (51:24-27). Aliwapa kilicho bora katika halali yake. Na sisi tunacho. Desturi ya Kagera ya kumkaribisha mgeni kwa kahawa ya kutafuna haina kilevi. Maji ya ndizi mbivu yaliyokamuliwa leo ni matamu na ni halali. Ni yale yaliyotiwa mtama yakaachwa yachache ndiyo rubisi. Weka hayo, chinja mbuzi, pika pilau ya kutosha. Jirani akishiba hatasema umemdharau. Tena majirani hao nao wana watoto, na wengi hawapendi kuwaona wakiyumba barabarani usiku.

Ushauri wangu: tusingoje siku ya sherehe. Mzazi aitamkie kamati mapema, kabla mchango haujapokelewa, kwamba shughuli hii haina kilevi. Asiyetaka kuchangia asichangie, na mwenye kuja aje akijua. Huo ndio uungwana. Tutapoteza kreti kadhaa za michango, lakini tutakuwa tumeitii amri ya kujikinga sisi na watu wetu na Moto (66:6).

Wallahu a'lam.