Mpaka Mkono Ugome

Jimu yetu ya Kabuku haina kioo wala feni. Ni kibanda cha mabati nyuma ya karakana ya kuchomelea, hatua chache kutoka barabara kuu ya Segera–Chalinze. Chuma chetu kikubwa ni bomba la maji lenye zege kila upande, zege lililomwagwa ndani ya ndoo za rangi likaachwa likauke. Upande mmoja ni mzito kidogo kuliko mwingine. Tumezoea, kila baada ya seti tunaligeuza bomba, tusije tukaota mabega ya kaa mwenye gando moja kubwa.

Humo ndani neno kubwa ni kugoma. "Piga mpaka igome!" Yaani unanyanyua na kushusha hadi bomba lisimame katikati ya njia, mikono ikitetemeka, na hata ukitishiwa panga halipandi tena. Hapo ndipo seti huhesabiwa imekwisha. Anayeacha akiwa bado na mawili mfukoni huitwa mvivu, na siku watu wakiwa na hasira huitwa mwongo. Hilo la pili ndilo lililonikaa kichwani. Mtu akisema "nimefika mwisho" na hajafika, amemdanganya nani?

Kwa muda mrefu nilijibu bila kusita: amejidanganya mwenyewe. Nilikuwa nimemaliza chuo na kurudi nyumbani na bahasha ya vyeti. Unapeleka barua ya maombi, hakuna anayekujibu, na hutajua ulipungukiwa wapi. Bomba linajibu papo hapo. Leo tisa, wiki ijayo kumi. Nilipenda kushindwa kwa namna ile, kushindwa kwenye hesabu, kusiko na mjomba wa mtu ndani yake.

Nikamweleza babu. Akacheka mpaka akakohoa.

Babu alikata mkonge miaka ya 1960, wakati Tanzania ilikuwa ikiongoza duniani kwa katani. Mwaka 1964 pekee nchi ilitoa zaidi ya tani 200,000. Mmea wenyewe ni mgeni. Mjerumani Richard Hindorf aliuagiza kutoka Florida mwaka 1893, na kati ya miche 1,000 ilisalimika 62 tu. Kutokana na hiyo 62 yalizaliwa mashamba yaliyokula mikono ya watu kuanzia Pangani hadi Korogwe na huku kwetu Handeni.

"Mjukuu wangu," akasema, "mkono ukigoma leo, kesho anakata nani?"

Walilipwa kwa ngwe. Unakata majani, unaondoa miiba ya ncha, unafunga matita, unabeba. Ufundi wa kazi, kwa maelezo yake, ulikuwa kutofika mwisho: kuacha akiba ya kesho, na ya kesho kutwa. Kisha akaniambia jambo nililokuwa sijaliwaza. Kijana mwenye nguvu aliyemaliza ngwe yake kabla jua halijakomaa alikuwa hatari kwa wenzake, kwa sababu mnyapara angesema kumbe ngwe ni ndogo, na kesho yake ingeongezwa kwa wote, hata kwa mzee mwenye kifua kibovu. Kwa hiyo walimfundisha kijana huyo kuchoka. Akae chini, ajifute jasho, aseme nimefika.

Ule uongo ambao jimu yetu ingemzomea nao, shambani ulikuwa deni lake kwa wenzake. Na walipogoma kweli, kama wakata mkonge wa Mazinde mwaka 1958, haukuwa mgomo wa msuli mmoja. Waliweka visu chini kwa pamoja, mikono ikiwa bado ina nguvu.

Nilimbishia babu kwa sayansi, kama wasomi tufanyavyo tukizidiwa. Nikamwambia mwili huita kwanza nyuzi ndogo za msuli, na zile kubwa huziita mzigo ukishakuwa mzito au uchovu ukishazidi. Kwa hiyo marudio ya mwisho ndiyo yenye faida. Ni kweli, ila niliificha nusu ya pili: tafiti nyingi zinaonyesha kwamba anayeacha rudio moja au mawili kabla ya kugoma hupata nguvu karibu sawa na yule anayegoma, tena kwa uchovu mdogo. Tim Noakes wa Afrika Kusini ameenda mbali zaidi. Anasema ubongo hukata moto mapema kuulinda mwili, hata kile tunachokiita mwisho kina akiba nyuma yake. Wapo wanasayansi wasiokubaliana naye. Ila kama ana haki, basi sisi sote pale kibandani ni waongo, na babu peke yake alijua anachokifanya.

Jioni moja nilikuwa nimesimama nyuma ya benchi, mtoto wa shangazi yangu akiwa chini ya bomba. Kazi ya anayesimama pale ni moja: mkono wa mwenzako ukigoma, wewe unapokea. Alikuwa kwenye rudio la tisa simu yangu ikatetemeka mfukoni. Nilikuwa nasubiri majibu ya usaili. Nikaitoa.

Ulikuwa ujumbe wa ofa ya bando.

Kelele hazikuwapo, maana kifua kilichobanwa hakina pumzi ya kupigia kelele. Niliona miguu yake ikirusha vumbi. Upande mzito ulikuwa umemlalia mbavuni. Kwa wiki mbili alilala ubavu mmoja, na shangazi hakunisemesha.

Kipimo changu cha ukweli kilikuwa kimesimama juu ya mikono ya mtu mwingine muda wote ule, nami sikuwahi kuihesabu. Nyuma ya babu hakusimama mtu. Labda ndiyo maana alijua kuacha mapema.

Siku hizi simu naiacha ndani ya kiatu, mlangoni. Nasimama nyuma yake, viganja chini ya bomba, sipepesi macho. Anafika la nane, anapumua, analirudisha bomba kwenye vishikio.

"Bado mawili hayo," namwambia. "Nipo."

"Nimefika," anasema, akijifuta jasho bila kunitazama.